Vyama vya kimataifa vya madaktari wa watoto vinatufaa nini huku Mwanza

Daktari anayehudumia watoto Nansio, Sengerema au Ngudu anaweza kumaliza mwaka mzima bila kusikia chama chochote cha kimataifa cha madaktari wa watoto kikitajwa. Hata hivyo kazi ya vyama hivyo anaishika mkononi kila siku. Kiwango cha dripu anachoandika kwenye faili, hatua za kumpumulisha mtoto mchanga asiyelia, mpangilio wa dawa za saratani anaoukuta kwenye barua ya mtoto aliyerudishwa kutoka hospitali ya rufaa ya Bugando: vingi vya hivi vilianzia kwenye kamati ya chama fulani, vikajadiliwa kwa miaka, vikapita Shirika la Afya Duniani na Wizara ya Afya, ndipo vikashuka wodini. Vingine vimefika salama, vingine vimefika nusu, na vingine vimeishia kwenye droo ya mganga mfawidhi.

Tunawaandikia wenzetu wa Kanda ya Ziwa: madaktari, matabibu, wauguzi na wakunga. Hoja yetu ni moja. Chama cha kimataifa kipimwe kwa kile kinachobaki wodini baada ya mkutano kwisha, na kitu hicho hakibaki chenyewe. Lazima awepo mtu wa hapahapa wa kukishikilia.

Tuanze na chama mama, IPA, chama cha kimataifa cha madaktari wa watoto, kilichoasisiwa Paris mwaka 1910. Wanachama wake ni vyama vya kitaifa na vya kikanda. Daktari mmoja mmoja hajiungi moja kwa moja. Kwa hiyo anayetaka sauti yake ifike huko, mlango wake ni chama chetu cha kitaifa, PAT, na kwa upande wa bara letu kuna UNAPSA, umoja wa vyama vya madaktari wa watoto Afrika. Mkutano mkuu wa IPA ulikuwa kila miaka mitatu: Johannesburg 2010, Melbourne 2013, Vancouver 2016. Siku hizi ni kila miaka miwili. Kazi ya IPA ni utetezi na uratibu zaidi kuliko tiba. Ukitafuta dozi, hutaikuta huko.

Dozi ziko kwenye vyama vya ubingwa. SIOP ni cha saratani za watoto, kimekuwepo tangu 1969. IPNA ni cha figo. ISPAD ni cha kisukari. Hawa wanapokea daktari mmoja mmoja, na wanapanga ada kufuatana na kipato cha nchi. Halafu kuna vyama vya nchi moja ambavyo mkono wao umefika mbali: AAP cha Marekani, kilichoanzishwa 1930, na RCPCH cha Uingereza. Wauguzi wa watoto wachanga nao wana baraza lao la kimataifa, COINN, na tunalitaja kwa makusudi, kwa sababu huku kwetu anayekesha na mtoto usiku ni muuguzi.

Kilichofika leba

Mfano bora wa kitu kilichotoka chamani kikafika kitandani ni Helping Babies Breathe, mafunzo yaliyozinduliwa na AAP mwaka 2010 pamoja na WHO na wadau wengine. Wazo lake ni dogo sana. Ndani ya dakika moja tangu kuzaliwa, inayoitwa Dakika ya Dhahabu, mtoto awe anapumua mwenyewe au awe ameshaanza kupumulishwa kwa mfuko na barakoa, kile kifaa ambacho leba zetu zinakiita ambu. Mkunga anamkausha mtoto vizuri, anaondoa kitambaa kilicholowa, anamfunika kwa kikavu. Asipolia, anaweka kichwa katika mkao sahihi, anasafisha mdomo na pua ikiwa tu kuna kitu kimeziba, anamsugua mgongo mara mbili tatu. Bado hapumui? Kitovu kinakatwa, mtoto anapelekwa mezani, ambu inaanza kwa kasi ya pumzi 40 kwa dakika. Mkunga anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu: anaminya kwenye moja, anaachia kwenye mbili na tatu.

Doli la kufundishia linajazwa maji kama lita mbili ili mikono izoee uzito wa mtoto, na lina vipira vya kubonyeza vinavyomwezesha mwalimu kuiga pumzi, kilio na mapigo ya kitovu. Barakoa isipokaa sawa usoni, kifua cha doli hakipandi. Hapo ndipo somo lenyewe lilipo, kwa sababu kosa la kawaida kuliko yote ni kuminya mfuko bila kuangalia kifua. Kisipopanda, rudi kwenye mambo matano kwa mpangilio: kaza barakoa upya, rekebisha kichwa, angalia kama kuna ute mdomoni, fungua mdomo kidogo, kisha minya kwa nguvu zaidi. Wengi wanarukia la tano.

Mafunzo haya yalijaribiwa kwenye hospitali 8 za Tanzania, na matokeo yakachapishwa 2013: vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 47, na watoto waliorekodiwa kuwa wamezaliwa wakiwa wamekufa muda mfupi tu kabla wakapungua kwa asilimia 24. Hilo la pili linahitaji kuangaliwa kwa makini. Ambu haimfufui mfu. Maana yake ni kwamba baadhi ya waliokuwa wanaandikwa wafu walikuwa na mapigo ya moyo, ila hawapumui, na hakuna aliyewagusa.

Sasa sehemu ambayo haisemwi sana kwenye hotuba za ufunguzi. Hospitali ya Haydom, Manyara, ilifuatilia wakunga waliopata kozi ya siku moja. Kwenye doli walikuwa wazuri kuliko mwanzo. Kwenye meza halisi, kwa watoto halisi, hakuna kilichobadilika. Ndipo wakabadili utaratibu: doli likakaa lebani kwenyewe, mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, na mengine marefu kidogo kila mwezi. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Kozi ilikuwa ileile na doli lilelile. Kilichobadilika ni mara ngapi mkono umegusa ambu kabla ya siku ya shida.

Kanda ya Ziwa ilikuja kuwa sehemu ya hatua iliyofuata. Mradi wa Safer Births, uliokua kutokana na kazi ya Haydom, uliwekwa katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Uliunganisha mazoezi ya mara kwa mara, vifaa vya kusikiliza mapigo ya mtoto aliye tumboni, ambu iliyoboreshwa, na takwimu za kila kituo kurudishwa kwa wakunga wa kituo hichohicho ili wazijadili. Matokeo yaliyochapishwa 2025 yalihusu uzazi wa karibu 300,000. Vifo vya watoto vinavyozunguka kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000, na vifo vya wachanga ndani ya siku ya kwanza vikapungua kwa karibu asilimia 40. Ukiisoma taarifa ile utaona kwamba pale mtu aliyepewa jukumu la kuongoza mazoezi ndiye roho ya mradi. Hospitali inayomhamisha mtu huyo kwenda kliniki ya macho bila kumwandaa mwingine imeuzima mradi siku hiyohiyo.

Mambo mawili ya kukagua kesho asubuhi. La kwanza ni bango ukutani. Toleo la pili la mafunzo lilitoka 2016 na lilibadili mambo, mojawapo likiwa kwamba maji ya uzazi yenye choo cha mtoto hayamaanishi tena kumnyonya kila mtoto ute kabla ya kumkausha. Bango la zamani likibaki, mkunga mpya anafuata bango. La pili ni ambu yenyewe. Baada ya kuoshwa na kuchemshwa hufungwa upya, na kile kijiwambo cha vali huwekwa kichwa chini au husahaulika kwenye sufuria. Jaribio lake ni la sekunde tano: ziba barakoa kwa kiganja, minya mfuko. Ukiminyika kwa ukinzani na vali ya usalama ikafunguka kwa mlio, iko sawa. Ukiminyika kirahisi na hewa ikapotea, imevuja mahali. Iwe na barakoa mbili pembeni yake, namba 1 kwa mtoto aliyetimia na namba 0 kwa mdogo. Jaribio hili lifanywe kila zamu inapopokezana, na aliyefanya aandike jina.

Figo za mtoto wa kilo 8

Mtoto mwenye malaria kali, au aliyeharisha mpaka akakauka, au mwenye maambukizi kwenye damu, figo zake zinaweza kusimama kwa siku kadhaa kisha zikarudi zenyewe, mradi awe hai siku hizo. Mashine ya kusafisha damu iliyotengenezwa kwa mtu mzima haimfai. Hesabu yake iko wazi. Mtoto ana damu takriban mililita 80 kwa kila kilo, kwa hiyo wa kilo 8 ana kama mililita 640. Damu inayotoka nje ya mwili na kukaa kwenye mipira na chujio isizidi asilimia 10, yaani mililita 64. Mipira na chujio la mtu mzima hubeba zaidi ya mara tatu ya hapo. Ukimwunganisha, presha inaanguka.

Njia yake ni dialisisi ya tumboni, yaani kusafisha damu kwa maji yanayoingizwa tumboni kisha kutolewa, na hapa IPNA imetufanyia jambo la maana. Pamoja na chama cha kimataifa cha figo na vyama vya dialisisi ya tumboni, ilianzisha mpango wa kufundisha timu za daktari na muuguzi kutoka hospitali zenye uhaba. Chama cha kimataifa cha dialisisi ya tumboni, ISPD, nacho kikatoa mwongozo unaosema waziwazi kwamba pasipo na maji ya kiwandani, maji yanayotayarishwa hospitalini yanakubalika. Sentensi hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kabla yake, daktari wa mkoani aliyejaribu alikuwa peke yake, bila karatasi ya kumkinga mtoto akipata maambukizi.

Mapishi yenyewe: lita 1 ya ringa lakteti, ongeza mililita 30 za glukosi ya asilimia 50, unapata glukosi ya karibu asilimia 1.5. Maji ya mwilini yakiwa mengi na unataka kuyavuta zaidi, mililita 50 zinakupeleka karibu na asilimia 2.4. Mwenye ini lililoshindwa au aliye kwenye mshtuko mkali huenda asiweze kuibadili lakteti, kwa hiyo kwake hii si chaguo la kwanza. Anza na mililita 10 hadi 20 kwa kilo. Kwa wa kilo 8 ni 80 hadi 160. Ukianza na nyingi, tundu jipya linavuja pembeni ya katheta, ule mpira unaoingia tumboni, na mtoto mwenye homa ya mapafu anabanwa pumzi kwa sababu kiwambo kinasukumwa juu. Siku zinazofuata panda taratibu hadi 30 au 40 kwa kilo. Mzunguko mmoja, yaani kuingiza, kuacha na kutoa, uchukue dakika 60 hadi 90.

Yanayoharibika ni yaleyale kila mahali. Maji yanaingia lakini hayatoki: mara nyingi katheta imezibwa na utando wa tumbo au utumbo umejaa choo, mgeuze mtoto upande, angalia mipira isiwe imekunjika, shughulikia kukosa choo. Maji yaliyotoka ni ya mawingu: peleka maabara, seli nyeupe zaidi ya 100 kwa maikrolita, nusu au zaidi zikiwa nyutrofili, ni maambukizi hadi ithibitishwe vinginevyo, na dawa zianze bila kungoja majibu ya kuotesha. Chanzo huwa ni kuchanganyia glukosi juu ya kitoroli kilichojaa vitu, bila glavu safi, au kuchoma chupa ileile mara tatu. Mtu mmoja achanganye, mahali pamoja, mara moja, na chupa itumike wakati huohuo. Maji yapashwe hadi joto la mwili kabla hayajaingia, kwa sababu mtoto mdogo hupoa haraka mno. Na karatasi ya mizunguko: kilichoingia, kilichotoka, tofauti, jumla. Ikikosekana karatasi hiyo, asubuhi hakuna anayejua kama mtoto amepungukiwa nusu lita au ameongezewa nusu lita.

Tunasisitiza kwamba hii ni picha ya jinsi kazi ilivyo. Mwongozo wenyewe haulipiwi, na usomwe wote na timu nzima kabla ya katheta ya kwanza.

Mwongozo usiotoka kwetu

Si kila kinachoandikwa na chama kikubwa kinamfaa mtoto wa Magu. Kwa miaka mingi miongozo ya nchi tajiri ilielekeza kwamba mtoto mwenye maambukizi makali na mzunguko hafifu wa damu amiminiwe dripu kwa kasi. Mwaka 2011 utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Muheza kwetu Tanzania kwa watoto 3,141, ulionyesha kinyume. Waliopewa maji ya kasi walikufa zaidi ndani ya saa 48, karibu asilimia 10.5 ukilinganisha na 7.3 ya wale waliopewa dripu ya kasi ya kawaida tu. Wengi wa watoto hao walikuwa na malaria na upungufu wa damu, na hakukuwa na mashine za kupumulia za kuwaokoa mapafu yakijaa.

Ilichukua muda vyama kukubali. Mwongozo wa kimataifa wa maambukizi makali kwa watoto uliotoka 2020 sasa unatenganisha wazi: pasipo na chumba cha uangalizi maalumu, na mtoto presha yake haijashuka, usimmiminie. Kwa hiyo kila unapochukua mwongozo, kabla ya dozi tafuta sehemu inayosema ulitungwa kwa hospitali ya aina gani. Usipoiona, uliza watoto waliochunguzwa walikuwa wapi. Na tunamshukuru kila muuguzi aliyejaza fomu za utafiti ule. Kazi yao Afrika Mashariki ndiyo iliyowageuza wataalamu wa Ulaya na Marekani.

Saratani na wiki nne

Ukanda huu wa ziwa ni nyumbani kwa limfoma ya Burkitt, ule uvimbe wa taya au tumbo ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto anayeng'olewa meno kwanza, kisha akapewa antibayotiki wiki mbili, kisha akapelekwa kwa mganga wa jadi, anafika Bugando uvimbe ukiwa umeshazidi.

SIOP ilikuwa na kundi maalumu la nchi zenye uhaba, na mchango wake ulikuwa kupanga tiba kwa ngazi: hospitali yenye hiki ifanye hiki, yenye zaidi ifanye zaidi. Chukua uvimbe wa Wilms wa figo. Wamarekani wengi huanza na upasuaji. Wa SIOP huanza na dawa kwa wiki 4, vinkristini kila wiki na aktinomaisini kila baada ya wiki mbili, ndipo wanapasua. Kwa watoto wetu njia ya pili ina mantiki, kwa sababu uvimbe hufika ukiwa mkubwa, na ukipasukia mezani ugonjwa unasambaa tumboni. Dawa zinausinyaza na kuupa ganda gumu. Na jambo dogo la wodini: tumbo lile lisibonywebonywe na kila mwanafunzi anayepita. Daktari mmoja akishagusa na kuandika, inatosha. Wengi wameuchukulia kuwa bandama, wakaubonya siku baada ya siku.

Mchango mkubwa zaidi wa kundi lile, kwa maoni yetu, si wa dawa. Ni kulipa jina na kipimo tatizo la kuacha tiba: mtoto aliyekosa tiba iliyopangwa kwa wiki 4 mfululizo anahesabiwa ameacha. Tangu hapo kuacha tiba kunahesabiwa kama kushindwa kwa tiba, na hospitali haiwezi tena kuripoti uponaji mzuri kwa kuwaondoa kwenye orodha waliopotea. WHO mwaka 2018 iliweka lengo la angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani kupona ifikapo 2030, na lengo hilo huku kwetu litaamuliwa na nauli kama litakavyoamuliwa na dawa.

Basi usingoje wiki 4. Mtoto asipokuja siku yake, simu ipigwe siku hiyohiyo, na ya pili kesho yake. Siku ya kwanza ya kulazwa chukua namba tatu: ya mama, ya jirani mwenye simu inayoshika mtandao, na ya mwenyekiti wa kitongoji. Uliza njia: wa Ukara anavuka mara mbili kabla ya kufika mjini, na upepo ukichafuka havuki. Wa Geita na Sengerema sasa wana daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025, lakini nauli ya basi bado ipo palepale. Panga tarehe ya sindano kwa kuangalia siku ya meli. Na mama aelezwe tangu mwanzo, kwa lugha anayoielewa, kwamba uvimbe utanywea baada ya dozi ya kwanza au ya pili na mtoto ataanza kucheza, na kwamba huo si mwisho wa tiba. Familia nyingi huondoka hapo hapo, kwa furaha ya kweli kabisa.

Pesa za maziwa

Kuna jambo linalotuuma. Mikutano ya madaktari wa watoto duniani kwa miongo mingi imelipiwa kwa sehemu na watengenezaji wa maziwa ya kopo. Kanuni ya kimataifa ya kuuza vyakula mbadala wa maziwa ya mama ni ya 1981, na mwaka 2016 mkutano wa nchi wanachama wa WHO ulisisitiza kwamba kampuni hizo zisidhamini mikutano ya wataalamu wa afya. RCPCH ilijadili hili kwa uchungu hadi mwaka 2019 ilipoamua kuacha kabisa kupokea fedha zao. Uamuzi ule uliigharimu, na tunauheshimu.

Hili si la Ulaya peke yake. Mtoto wa mwaloni ambaye maziwa ya kopo yanachanganywa kwa maji ya ziwa yasiyochemshwa, tena yakizimuliwa ili kopo lifike mwisho wa mwezi, anarudi wodini na kuhara na utapiamlo. Kwa hiyo ukialikwa semina hotelini, uliza nani analipa ukumbi na chakula. Jibu likiwa kampuni ya maziwa ya kopo, usiende, na usiruhusu kalenda yao ikae ukutani kwenye kliniki ya watoto.

Kuingia, kuomba, kutuma

Lipia PAT kwanza, na weka risiti. Fomu nyingi za ufadhili zinadai uthibitisho wa chama cha kitaifa. Kisha chagua chama kimoja cha ubingwa kinacholingana na wagonjwa ulio nao, usilipie vitatu. Angalia kundi la ada kwa uangalifu: tangu Julai 2020 Benki ya Dunia imeiweka Tanzania kwenye nchi za kipato cha kati cha chini, na wengine bado wanaomba msamaha wa ada uliowekwa kwa nchi za kipato cha chini, wanakataliwa, wanakata tamaa. Kundi la pili nalo lina punguzo. Ukifanya kazi hospitali ya umma, andika hivyo.

Mihadhara ya mtandaoni ni bure kwa wengi, tatizo ni saa. Ikiandikwa saa 14:00 kwa saa za Greenwich, kwetu ni saa 11 jioni, wakati wa kupokezana zamu. Mmoja aingie kwa kompyuta yenye spika, wengine wakae, na wanaobaki wodini wapate rekodi.

Jihadhari na barua pepe za mikutano hewa. Zinakusifu kupita kiasi, zinakukaribisha uwe mzungumzaji mkuu kwenye fani usiyoifanya, zinataka ada kwa siku chache. Angalia mambo haya: je, mkutano umetajwa kwenye tovuti ya chama chenyewe, au jina lake limefananishwa tu? Kamati ina watu unaoweza kuwapata kwa anwani za vyuo vyao? Ikisiri, yaani mihtasari ya tafiti, zinapitiwa na nani, na kwa muda gani? Ikisiri iliyokubaliwa ndani ya siku moja haijasomwa na mtu.

Ukitaka kutuma kazi yako, anza mapema kuliko unavyodhani. Kibali cha maadili ndicho cha kwanza, na kwa walio chini ya Bugando na chuo kikuu chake cha afya, CUHAS, kuna kamati ya pamoja ya taasisi hizo mbili. Kazi inayochapishwa inahitaji pia idhini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Viza ya nchi nyingi za Ulaya unaiombea Dar es Salaam, si Mwanza, kwa hiyo hesabu nauli ya kwenda na kurudi na siku za ruhusa kazini. Barua ya mwaliko iombwe siku ileile ikisiri inapokubaliwa.

Na kazi ya kutuma ipo. Utafiti wa Bugando wa kuzuia kiharusi kwa watoto wenye selimundu, kwa kupima kasi ya damu kichwani na kuwapa dawa ya haidroksiurea, umesomwa mbali kwa sababu watoto hao wako hapa, kwa wingi, na kuna waliokubali kuwafuatilia miezi na miaka. Kituo kisicho na mashine ya kipimo hicho kina rejista. Rejista ya wachanga yenye uzito wa kuzaliwa, saa ya kuzaliwa, alilia au hakulia, ambu ilianza dakika ya ngapi, na alikuwaje baada ya saa 24, ikijazwa bila kuruka mtu kwa mwaka mmoja, ni ikisiri iliyokamilika. Safu ya dakika ndiyo inayoachwa wazi mara nyingi, kwa sababu mwenye ambu hana mkono wa kushika saa. Saa kubwa ya ukutani ikining'inizwa mbele ya meza ya kupumulishia, na msaidizi akaitaja dakika kwa sauti, safu hiyo inajazwa.